Saa Mpya, Mkono Mzembe

Wiki ya tatu baada ya kustaafu ualimu nilitumwa mjini kununua ndoano za mapazia, nikarudi na saa ya mkononi ambayo bei yake sikuweza kuitamka mbele ya mke wangu.

Ndoano pia nilizinunua. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu ndilo jambo pekee nililofanya sawasawa siku hiyo.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi karibu na Pap Onditi kwa miaka mingi, na kabla ya hapo mwalimu wa kawaida kwa miaka mingine mingi. Muda wote huo nilivaa saa za plastiki, zile zinazouzwa kwenye meza kando ya barabara pamoja na miwani ya jua na vifuniko vya simu. Ikifa moja, nanunua nyingine. Siku hiyo niliingia kwenye jumba la maduka ili nipate ubaridi tu, maana jua la Kisumu la saa saba lilikuwa limenikaa utosini, nikajikuta nimesimama mbele ya duka la saa na mapambo. Dirishani kulikuwa na saa moja iliyolazwa juu ya mto mdogo wa kitambaa cha buluu, kama mtoto mchanga. Msichana muuzaji akaniona, akaja kunifungulia mlango mwenyewe.

"Karibu, Mzee. Kuangalia ni bure."

Alivaa glavu nyeupe kabla ya kuigusa. Nadhani zile glavu ndizo zilizonimaliza. Katika maisha yangu sikuwahi kumiliki kitu ambacho mtu alihitaji glavu ili akishike. Akaigeuza saa nione mgongo wake. Ulikuwa wa kioo, na ndani niliona magurudumu madogo ya rangi ya dhahabu yakizunguka bila haraka, kila moja na shughuli yake. Akanieleza kwamba haitumii betri. Ndani mna kipande cha chuma chenye umbo la nusu sahani, na kila mkono unapotikisika kile chuma huzunguka, na huko kuzunguka ndiko kunakoipa saa nguvu.

"Yaani inakula mwendo wako," akasema.

Nikalipa. Sehemu ya kiinua mgongo changu iliondoka kwa kubonyeza simu mara chache, na nilipotoka nje nilikuwa nimekunja mkono wa shati hadi kwenye kiwiko ili watu wa Kisumu wasipate shida ya kuona.

Kwenye bodaboda kuelekea nyumbani Mamboleo ndipo akili iliponirudia. Mke wangu alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu mwaka mmoja kabla yangu. Alipiga chapa hukumu za watu kwa miaka mingi hivi kwamba ukimwambia jambo, anakuangalia kana kwamba anasubiri uape kwanza. Nikaanza kutafuta maelezo. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimepata moja, na wakati huo niliona ni zuri sana.

"Walimu wamenipa zawadi," nikasema. "Ya kuniaga."

Aliishika saa, akaipima uzito kiganjani. "Walimu wale wale walioleta keki moja na soda?"

"Walikuwa bado wanachanga."

"Wamefanya vizuri," akasema, akanirudishia. "Nitawashukuru."

Hilo la kuwashukuru sikuwa nimelipangia. Jumamosi iliyofuata tulikuwa na mazishi Nyakach, na kabla sijaegesha vizuri kiti changu cha plastiki chini ya hema nilimwona mke wangu amekwisha kumshika mkono aliyekuwa naibu wangu, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na uso usiosema kitu. Nilikuwa mbali, sikusikia. Niliona tu mke wangu akionyesha kifundo cha mkono wake mwenyewe, na naibu akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Jioni naibu alinipigia simu.

"Mwalimu Mkuu, habari ya jioni. Nilitaka kujua tu, sisi tulikununulia nini?"

Nikamweleza kwa sauti ya chini, nikiwa nimesimama nyuma ya tangi la maji.

"Sawa," akasema. "Nimemwambia Mama kwamba kilikuwa kitu kidogo tu kutoka moyoni. Sasa ni ya bei gani, ili nijue tulivyo wakarimu?"

Sikumwambia.

*

Kwa siku kumi na mbili saa ile ilikuwa furaha tupu. Mimi ndiye mwongoza kwaya kanisani kwetu, na mwongoza kwaya husimama na mikono juu mbele ya watu wote. Niliongoza kwa mkono wa kushoto zaidi kuliko desturi. Sauti ya tatu walilalamika kwamba hawajui tena wanaingia lini, kwa kuwa wao wamezoea kutazama mkono wa kulia.

Siku ya kumi na tatu nilifika kwenye kikao cha kamati ya ujenzi nikakuta watu wanafunga kwa sala. Nilidhani wao ndio waliowahi. Kesho yake nilichelewa kuchukua dawa zangu za presha. Siku iliyofuata, katikati ya mazoezi ya kwaya, niliitupia jicho saa yangu ili kuona kama tumebakiza muda wa wimbo mmoja, nikaona ni saa kumi na robo. Tukaimba. Nikaangalia tena. Saa kumi na robo. Tukaimba wimbo mwingine wenye beti sita. Saa kumi na robo.

Niliitikisa, ikaamka. Ikatembea hadi usiku, na asubuhi niliikuta imekufa tena.

Nilirudi dukani nikiwa na hakika kwamba wataomba msamaha. Msichana wa glavu alinipokea vizuri, akamwita meneja. Meneja alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, suti imemkaa, viatu vimechongoka. Aliichukua, akaenda nayo nyuma ya pazia, akarudi baada ya dakika tano.

"Inafanya kazi, Mzee. Tazama."

Kweli, ilikuwa inafanya kazi. Mtu akienda hospitalini, homa hukimbia.

"Lakini inasimama," nikasema. "Inasimama mchana, nikiwa nimeivaa."

Akanitazama kwa upole, kuanzia mvi hadi viatu. "Mzee, unafanya kazi gani?"

"Nimestaafu."

"Ndio hapo," akasema, kama daktari aliyepata jibu la vipimo. "Hii saa inataka mkono unaotembea. Mtu amestaafu, amekaa kwa kiti, anasoma gazeti, anatazama habari. Sasa saa itakula nini? Haina makosa. Ni mkono hauichangamshi."

Nilikuwa nimekosolewa mambo mengi maishani, lakini sikuwahi kuambiwa kwamba mkono wangu ni mzembe. Jambo la ajabu ni kwamba nilimwamini. Nilitoka pale nimeona aibu, kama mtu aliyelaza njaa mnyama wa kufugwa.

Nikaanza kuilisha. Asubuhi nilipanda matatu hadi mjini, nikatembea mpaka Dunga na kurudi, nikipunga mkono wa kushoto kama askari wa gwaride, hata waliokuwa wanasubiri samaki kule ufukweni wakawa wananipungia nao wakidhani nawasalimu. Nyumbani nililima bustani ya sukuma wiki kwa mkono wa kushoto, na mistari ikaenda inakotaka. Niliposoma gazeti nililitikisa. Nikiwa nimekaa na wageni, mkono ulikuwa juu ya goti ukizunguka polepole peke yake.

Mke wangu aliyaona yote. Siku ya nne alikuja na chupa ya dawa ya kuchua.

"Mkono umekuwaje, Mwalimu?"

"Umekakamaa kidogo."

"Lete."

Aliuchua kwa dakika kumi, dawa ikiniwasha mpaka machozi yakatoka, huku akisema kwamba umri ni umri. Kila jioni kwa majuma mawili alinichua mkono mzima usio na ugonjwa wowote. Sikuweza kukataa, kwa sababu ningelazimika kueleza.

Na saa ikaendelea kusimama. Jumapili moja ilisimama nikiwa katikati ya wimbo wa kumsifu Mungu kwa mikono, wimbo ambao mwongozaji wake hana nafasi ya kushusha mabega. Kama mkono ule haukuwa unatembea siku ile, basi hakuna mkono unaotembea hapa duniani. Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka meneja badala ya kujitilia shaka mimi.

*

Karibu na stendi kuu ya magari mjini kuna fundi wa saa ambaye ameketi mahali pamoja tangu nikiwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Kibanda chake ni sanduku la kioo lenye miguu, na lenzi ya kukuzia imemganda kwenye jicho la kulia hivi kwamba sijui kama huitoa akilala. Nilimwekea saa yangu juu ya kitambaa, nikamwambia aifungue aone shida.

Hakuifungua. Aliitazama mbele, akaitazama nyuma kwenye kioo, akaiweka sikioni, akaizungusha taratibu huku amefumba jicho la pili.

"Japuonj," akasema, yaani mwalimu, maana wengi wa rika lake huniita hivyo, "ulinunua lini?"

"Mwezi mmoja na nusu."

"Kwa duka?"

"Kwa duka."

"Basi beba urudishe. Mimi siigusi."

Nilidhani anaringa. Nikamwambia nitamlipa. Akaitoa lenzi, na nikaona macho yake yote mawili kwa mara ya kwanza.

"Sikiza. Nikitia bisibisi hapa, ikaacha alama ndogo kama ya sindano, wataiona. Watasema imeharibiwa na fundi wa barabarani. Hapo umekwisha. Kwa sasa makosa ni yao. Nikiifungua, makosa yanakuwa yako na yangu." Akaniwekea saa sikioni. "Izungushe. Unasikia?"

Nikasikia. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo sana, kama ukucha juu ya bati.

"Kile chuma kinachozunguka ndani kimelegea. Kinagusa pembeni. Badala ya kuzunguka kinakwama. Hata ukimvalisha mcheza ngoma, itasimama."

Niliketi kwenye stuli yake kwa muda. Niliona fahari kubwa kwa niaba ya mkono wangu.

Alinishauri niandike. Kila siku, saa imesimama saa ngapi, nilikuwa nafanya nini, niliianzisha tena lini. "Wewe ni mwalimu," akasema. "Andika kama rejista." Hakutaka malipo. Nikanunua kamba mpya ya saa ya plastiki ambayo sikuihitaji, ili tu nisiondoke bure.

Niliandika kwa siku kumi na nne katika daftari la mistari. Nina daftari hilo mpaka leo, na ukilisoma utadhani ni la mtu aliyepoteza akili. *Jumatatu, imesimama saa tatu na dakika ishirini, nikipalilia. Jumanne, imesimama saa tano kasoro robo, nikipiga mswaki mbwa.* Hapana, mbwa hapigwi mswaki wa meno, nilikuwa nampiga brashi manyoya kwa mkono wa kushoto, lakini niliandika kwa haraka.

Nilipompelekea meneja, alilifungua ukurasa wa kwanza, akalifunga.

"Mzee, hii ni daftari. Risiti iko wapi?"

Risiti. Nilikuwa nimeipekua nyumba nzima kimyakimya, mfuko kwa mfuko, bila kuipata. Nikamwambia imepotea, lakini yeye mwenyewe ananijua, na msichana wake ananijua, na malipo yamo kwenye simu.

"Kwenye simu inaonyesha ulilipa. Haionyeshi ulinunua nini," akasema. Kisha akanyoosha kidole ukutani nyuma yake, ambako palikuwa na karatasi iliyochapwa kwa herufi nyekundu: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI WALA HAIBADILISHWI. "Na hata ukiwa na risiti, hii ndiyo sheria ya duka. Tena hapa Kisumu kuna hewa ya ziwa. Unyevu unaingia. Hiyo si makosa ya saa. Kama unataka, tunaipeleka Nairobi itazamwe, lakini gharama ni yako."

Kwanza mkono, sasa ziwa. Nilitaka kumwuliza ni nani atafuata, lakini wateja walikuwa wameingia na sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda kama ya mwalimu wa zamu. Nikachukua daftari langu nikatoka.

*

Nilimkuta mke wangu jikoni, ameketi kwenye stuli anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikavuta stuli nyingine nikakaa mbele yake. Nikachukua maharagwe machache nikaanza kuchambua nami, jambo ambalo lenyewe lingetosha kumshtua.

"Mama," nikasema, "ile saa hawakuninunulia walimu."

"Mm."

"Niliinunua mimi mwenyewe. Kwa pesa za kiinua mgongo."

"Mm." Akatupa jiwe dogo kando.

Nikamwambia yote, mpaka meneja na ukuta wake. Nikataja na bei. Sitaiandika hapa, lakini mkono wake ulisimama juu ya ungo kwa muda ambao saa yangu, hata ingekuwa nzima, ingeshindwa kuupima.

Kisha akasimama, akaenda chumbani, akarudi na faili la kijani. Ni lile analoweka hati za kiwanja na vyeti vya watoto. Akalifungua, akatoa karatasi ndogo iliyonyooshwa kwa pasi, iliyowekwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa risiti yangu.

"Niliikuta ndani ya suruali yako siku nilipofua," akasema. "Wiki ile ile. Iliingia maji kidogo, nikaipiga pasi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Hata kule kwenye mazishi?"

"Nilitaka kuona mwalimu yule atasema nini. Ni shahidi mzuri sana. Hakutikisika."

"Na ile dawa ya kuchua?"

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Alisema alikuwa akijiambia kila jioni kwamba leo mzee atasema ukweli dawa ikimuwasha, na kila jioni mzee akafumba macho akavumilia. Alisema angeendelea hadi Krismasi.

Alipofuta machozi aliuliza, kwa sauti tofauti, "Lakini kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia ukweli ambao sikuwa nimejiambia hata mimi. Kwamba niliona aibu kutamani kitu kizuri bila sababu. Karo tulilipa, nyumba tulijenga, kila shilingi yetu ilikuwa na kazi kabla haijafika. Ile saa haikuwa na kazi yoyote. Niliitaka tu.

Aliurudisha ungo magotini. "Ungesema hivyo," akasema, "ningeuliza maswali mawili matatu, halafu ningekusindikiza dukani. Na mimi nisingetoka pale bila kuuliza ikiharibika inakuwaje." Akavuta daftari langu kutoka kwapani mwangu, akalifungua. "Sasa lete hapa. Mbwa anapigwa mswaki kwa nini?"

*

Barua aliiandika yeye, asubuhi, kwenye kompyuta ya mtoto wetu iliyobaki nyumbani. Nilisimama nyuma yake nikitoa mapendekezo.

"Anza na 'Naomba kwa heshima na taadhima'," nikasema.

"Huombi. Unadai."

"Basi 'Nimesikitishwa sana'."

"Masikitiko hayahusiki."

Ilikuwa ukurasa mmoja. Ilisema siku ya ununuzi na nambari ya risiti. Ilisema saa ilianza kusimama lini na mara ngapi, rejista imeambatishwa. Ilisema sheria ya nchi inataka kitu kinachouzwa dukani kiwe cha ubora unaofaa na kifanye kazi ambayo kitu cha namna hiyo hufanya, na kwamba tangazo la ukutani haliwezi kumnyang'anya mnunuzi haki aliyopewa na sheria. Ilisema tunataka nini: nyingine nzima, au pesa zote. Iliwapa siku kumi na nne, na ikamalizia kwamba baada ya hapo tutaandika kwa serikali na kwenda mahakama ya madai madogo, ambako mtu hahitaji wakili. Alichapa nakala mbili.

"Ya pili ni ya nani?" nikauliza.

"Ya kugongwa muhuri. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni salamu tu."

Tulienda pamoja. Alivaa nguo yake ya kanisani na miwani ya kusomea inayoning'inia kwa mnyororo. Akamsalimu meneja, akamwuliza habari za kazi na za nyumbani, kisha akamkabidhi barua kwa mikono miwili. Meneja alisoma. Alipofika katikati alirudi mwanzo.

"Mama, mimi sina mamlaka ya kupokea. Na muhuri hauko hapa."

"Haidhuru," mke wangu akasema. "Tutausubiri."

Akaketi kwenye kile kiti cha velveti ambacho wateja huketi wakijaribu pete. Mimi nikasimama kando yake kama mlinzi. Baada ya robo saa wakaingia vijana wawili, mwanamume na mwanamke, wanaotafuta pete za ndoa. Walipoona mama mzima ameketi pale wakamsalimu. Naye akawapongeza, akawauliza harusi ni lini, akasema pete ile ya pembeni ni nzuri kweli.

"Lakini ulizeni kwanza," akaongeza kwa wema, "jiwe likidondoka wanafanyaje. Someni na ile karatasi ya ukutani."

Wakaisoma. Wakatazamana. Muhuri ukapatikana kwenye droo ya kwanza.

Tulipokuwa tunaondoka mke wangu akasita, akaivua saa mkononi mwangu, akaiweka juu ya kaunta.

"Mwanangu," akamwambia meneja, "wewe umesema ni mkono wa mzee. Wewe ni kijana, mkono wako unatembea. Ivae mpaka Ijumaa. Ikitembea, tutakuja kuomba radhi, na barua nitaichana mbele yako."

Meneja alisita, lakini msichana wa glavu alikuwa anatazama, na wale wachumba walikuwa wanatazama. Akatuandikia karatasi kwamba saa iko kwake, akaivaa.

Hatukungoja Ijumaa. Alhamisi asubuhi simu ililia, na sauti niliyoisikia haikuwa ile ya mtu anayeonyesha kuta.

"Mzee, shikamoo. Mnaweza kuja?"

Tulipofika dukani alitueleza yote akiwa amesimama. Alikuwa na kikao kwa kompyuta na wakubwa wake wa Nairobi. Alijiona ana muda, akaenda kunywa chai. Aliporudi kikao kilikuwa kimekwisha, na mkubwa wake akataka kujua amechelewa kwa nini. Akajibu kwamba saa yake ilisimama. Mkubwa akauliza ni saa gani hiyo. Hapo ikabidi aeleze kwamba ni ya duka lao wenyewe.

"Ilisimama mara ngapi?" mke wangu akauliza.

"Tano, Mama." Akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameandika, siku na saa, kama rejista.

Nairobi waliikagua, na ikawa vilevile alivyosema fundi wa stendi: skrubu inayoshika kile chuma haikukazwa tangu kiwandani. Mkono wangu ukasafishwa, na ziwa pia. Meneja akaniuliza nachagua nini, saa nyingine au pesa.

Nilimtazama mke wangu. Nilitegemea aseme pesa. Nilikuwa tayari kusema pesa, na ningesema kwa uso mzuri.

"Usinitazame mimi," akasema. "Mimi ni mwandishi wa barua tu."

Msichana alikuwa ameshavaa glavu. Ile mpya ilikuwa juu ya mto wa buluu. Nikasema naitaka saa. Mke wangu akatikisa kichwa kidogo, kisha akaushika mkono wangu wa kushoto mwenyewe, akaifunga kamba, akaangalia kama haibani. "Umepiga kengele za watu miaka yote," akasema. "Vaa." Halafu akamgeukia meneja, akamwomba jambo moja la mwisho. Meneja akapanda juu ya stuli, akaibandua ile karatasi nyekundu, na ukutani zikabaki alama nne za gundi.

Habari zilimfikia naibu wangu wa zamani kabla sijampigia. Alituma ujumbe: *Mwalimu Mkuu, tumesikia zawadi yetu ilikuwa mbovu. Wafanyakazi wanaomba radhi.*

Kilichotushangaza ni waliofuata. Wa kwanza alikuwa jirani mwenye jiko la gesi linalozimika. Akaja mshonaji wa kanisani na cherehani ya umeme iliyoungua juma la kwanza. Wengine mke wangu aliwaambia waziwazi kwamba kosa ni lao, mmoja akiwa ameosha redio. Wengine aliwaandikia barua, ukurasa mmoja, nakala mbili. Hatozi kitu, ila wanaotoka Usenge, kule ziwani, huleta omena, yaani dagaa, kwa hiyo nimejifunza kupika omena kwa namna nyingi, maana yeye sasa hana nafasi ya jiko.

Juzi alikuja mama mmoja mnunuzi wa samaki, ametoka Usenge alfajiri kwa sababu friza aliyouziwa hugandisha siku mbili na kuyeyusha siku ya tatu. Alikuwa na hasira, alikuwa na hadithi ndefu, na alianzia kwa marehemu mumewe. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa miwani, akafungua daftari jipya.

"Risiti unayo?"

Mama yule akaingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane, imelowa, inanuka ziwa. Mke wangu akaikunjua kwenye meza kwa ncha za vidole, akaitazama, akaniita nikiwa jikoni.

"Mwalimu, weka pasi kwenye stima. Na uongeze maji ya chai."